Mkeka wa Duane Niliujaza Mimi

Kitendawili. Wanaingia sitini na nne, kila anayeanguka anarudi kwa mama yake, anabaki mmoja analia kwa furaha, na anayeumwa kichwa ni bibi ambaye hata mpira hajaugusa.

Nitategua mwenyewe kwa sababu nyie hamna subira. Ni mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo, yale ya kila Machi. Na bibi ni mimi, Verlene Stookey, dereva wa basi la shule hapa Indiana, mtunza mikeka wa yadi yetu kwa mwaka wa kumi na tisa.

Kwa aliyejiunga leo, nitapita haraka. Dhambi ikisimuliwa mara mbili kwa urefu inaanza kufanana na majivuno.

Yadi yetu ina madereva kumi na saba. Kila Machi kila mmoja anajaza mkeka wake kwenye karatasi: nani atamfunga nani, kuanzia mechi ya kwanza mpaka fainali. Hatuweki hata senti. Tunashindania njia za mabasi. Mshindi anachukua njia yoyote anayoitaka, na aliyekuwa nayo anapewa ile aliyoiacha mshindi. Msimamizi wetu, Bwana Lowell Ott, anaandika kwenye ratiba ya Agosti, shule zinapofunguliwa, na mambo yanaishia hapo.

Mikeka inatumbukizwa kwenye kopo la kahawa, mwisho Alhamisi saa sita mchana. Mwaka huu nilipolimwaga lile kopo nilihesabu kumi na sita. Uliokosekana ulikuwa wa Duane Kessinger.

Duane ndiye mjuzi wetu. Ana faili nene kama tofali, lenye rangi nne za karatasi, na analibeba kifuani kama mtoto mchanga. Yeye kukosa kuleta mkeka? Haiwezekani. Nikakumbuka kwamba Jumatano alinikabidhi karatasi iliyokunjwa wakati nakwangua barafu kwenye kioo, nami nikaitia mfukoni, na mfuko ule ulikuwa mtupu.

Badala ya kumwambia, nilikwenda nyumbani, nikaegemea mashine ya kufulia, nikajaza mkeka mwingine kwa dakika kumi na moja, kwa herufi kubwa kubwa, nikaandika jina lake juu.

Msomaji mmoja ameniandikia: "Bibi, ulimi ulikuwa umeuazimisha?" Hapana, mwanangu, ulikuwepo. Ila kwa miaka kumi na nane nilikuwa nimejitangaza kila kona kwamba sijawahi kupoteza hata karatasi moja. Mtu akijisifu muda mrefu hivyo, kusema kweli kunamwia vigumu kama kuvua kiatu kilicholowa.

Jinsi nilivyochagua ndiyo aibu yenyewe. Nilichagua kwa majina ya timu, kwa vitendawili. Nyigu na Ng'ombe wakikutana, nani anakimbia? Ng'ombe. Basi Nyigu wanapita. Maharamia na Wakulima, nani atakuwa na chakula Machi? Wakulima. Na Nyegere wa Mtakatifu Brendan? Nyegere hamwogopi hata simba, basi niliwapeleka mpaka ubingwa, nikaenda kukunja taulo.

Mkeka wangu mimi ndio nilioujaza kwa akili. Jumanne Duane alitupa somo la saa nzima kuhusu ulinzi na ribaundi, yaani kudaka mpira unaodunda kutoka ringi, nami niliandika kila neno. Bingwa wake alikuwa Madume wa Calder. Nikaweka Madume.

Alhamisi ileile, kabla sijala chakula cha jioni, Madume walifungwa. Na waliowafunga walikuwa Mtakatifu Brendan, chuo ambacho mpaka siku ile nilidhani ni hospitali.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita.

*

Jumatatu, saa nne asubuhi, watoto wameshafika shuleni, sisi tumekusanyika kwenye chumba cha kahawa. Mikeka yote kumi na saba iko ukutani. Juu kabisa, kwa pointi kumi na tisa zaidi ya wa pili: Kessinger, D.

Chini kabisa ni mtunza mikeka.

Nilijiandaa. Nilijua Duane atasoma, atageuka, atasema, "Huu si wangu," nami nitalia kidogo, nitaomba radhi, nitakula donati, nitasamehewa.

Duane aliingia na faili lake. Akasimama mbele ya ukuta. Akasoma. Akasogea karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya kuanzia juu.

"Duane," akasema Tawnya Blevins, dereva wetu mdogo kuliko wote, "hebu tuambie. Nyegere uliwaona wapi? Hata mama zao hawakuwaweka."

Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

Duane akakohoa. Akaangalia mkeka. Akamwangalia Tawnya.

"Niliwaona," akasema.

"Uliwaona wapi?"

"Kwenye namba. Watu wanaangalia urefu, mimi naangalia miguu. Vijana wa Brendan wana miguu inayokaa chini. Timu ya miguu inayokaa chini haiyumbi."

Donati ilinikwama, nikapigwa mgongoni.

"Miguu inayokaa chini," akarudia Bwana Ott, na nawaapia, alitoa kalamu akaandika.

Ndugu zangu, mimi niliyewachagua sijawahi kuwaona miguu. Nilikuwa naangalia sabuni kama imebaki.

Mnafikiri niliona haya? Kwa dakika mbili, ndiyo. Baada ya hapo nikaanza kusikia raha, na raha ile ni dhambi ya pili, iandikeni.

Kila asubuhi nilimtega. "Duane, ndugu yangu, tusaidie sisi wajinga. Kwa nini Nyigu kwa Ng'ombe?"

"Uzoefu wa kocha, Verlene."

"Si kwamba nyigu anauma?"

Watu wakacheka. Duane akanitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama kuku anayetaka kuvuka barabara. "Dada, mchezo huu una sayansi yake. Si kila kitu ni vitendawili vya watoto kwenye basi."

"Na Wakulima?"

"Benchi lao ni refu."

"Wana magunia ya kukalia, labda."

"Cheka tu. Ukuta unaonyesha nani yuko wapi."

Nilikuwa chini kabisa, kweli. Nilikuwa huko kwa sababu nilifuata sayansi yake neno kwa neno, na yeye alikuwa juu kwa vitendawili vyangu vya watoto. Sikuwa na wa kumwambia. Kama mmewahi kumsikia mtu akisifiwa kwa mchuzi mlioupika nyie, mnajua nilivyokuwa navimba.

Kufikia Alhamisi alikuwa anatoa mafunzo kwenye redio ya upepo, ile ya mabasi, ambayo ni ya kuripoti barafu na watoto waliotapika. "Basi la Tisa kwa wote," unasikia, "leo zingatieni ribaundi za upande dhaifu." Gazeti la wilaya likampiga picha amekumbatia faili. Kinyozi akamnyoa bure. Mwalimu wa hisabati akamwalika aje kuzungumza na darasa la saba kuhusu uwezekano.

"Utawaambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba bahati ni jina wanalotumia wavivu."

Aliongea hayo akiwa amechomeka kalamu tatu mfukoni, na moja wino wake ulikuwa umemwagika kwenye shati.

*

Raha yangu iliisha Jumatatu iliyofuata. Zimebaki timu nne, tatu kati yake ziko kwenye mkeka wa mashine ya kufulia. Tawnya alikuwa wa pili, lakini hesabu ilikuwa wazi: hata Duane akikosa mechi zote zilizobaki, hakuna wa kumfikia.

"Basi umeshinda, mzee," akasema Tawnya. "Sema tu unataka njia gani. Yangu usiiguse, tafadhali, mwaka jana nilihangaika kuipata."

Hapo lazima niwaeleze. Mwaka jana Tawnya alikuwa na Njia ya Tisa. Akashinda, akachukua Njia ya Sita iliyokuwa ya Duane, na Duane akatupwa ya Tisa. Njia ya Tisa ni barabara ya kokoto mlimani, saa moja na dakika arobaini kwenda, mbwa watatu wanaokimbiza matairi, na ndugu wanne wa familia moja ambao hutapika kwa zamu.

"Ya Sita nakuachia, binti," akasema Duane. "Nataka ya Tatu."

Kijiko kikanidondoka.

Njia ya Tatu ni yangu.

Nimeiendesha miaka kumi na minne. Lakini siyo hilo. Mjukuu wangu Josie anaanza darasa la kwanza Agosti, na anakaa Njia ya Tatu, kituo cha nne, kwenye sanduku la barua la bluu. Mimi nastaafu mwaka unaofuata. Maana yake nina mwaka mmoja tu, mmoja katika maisha yangu yote, wa kusimamisha lile basi la njano mbele ya mlango wa mwanangu, kufungua mlango na kumwona yule mtoto akipanda ngazi na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Ameshachagua kiti. Kiti cha kwanza kushoto, nyuma yangu. Amesema atanitegea vitendawili njia nzima na nisipojua nitampa peremende.

Mwaka huo mmoja nilikuwa nimeuandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa na kumpa Duane Kessinger.

"Kwa nini ya Tatu?" nikauliza.

"Inaishia karibu na mkahawa wa Dotty," akasema mtu mmoja, na wote wakacheka, maana Duane na maandazi ya Dotty yenye mchuzi wa soseji wanajulikana.

Duane hakucheka. "Inaisha mapema," akasema. Basi.

Jioni ile mwanangu alinipigia, akampa Josie simu.

"Bibi, mwalimu wa chekechea kasema tujue namba ya basi letu la Agosti. Nimemwambia ni tatu na dereva ni bibi yangu. Kasema nina bahati."

"Kasema hivyo?"

"Ndiyo. Bahati ni nini hasa, Bibi?"

Nikamwambia nina sufuria motoni. Sikuwa na sufuria popote.

*

Niliamua kuungama. Msinipigie makofi, niliamua siku nne kabla sijafanya.

Kuna desturi moja ya yadi yetu. Siku ya fainali, wakati wa kahawa, anayeongoza anasimama na kutaja njia anayoichukua mbele ya wote, na Bwana Ott anauliza kama kuna mwenye pingamizi juu ya mkeka wowote, kwa sauti ileile ya mchungaji anapowafungisha watu ndoa. Asiposema mtu, Ott anaandika kwa wino. Baada ya hapo hata ukileta malaika, ratiba haibadiliki. Pingamizi likikubalika mkeka unafutwa. Wa Duane ukifutwa, Tawnya anashinda, Tawnya anabaki na njia yake ya Sita, nami na yangu. Kazi yangu ilikuwa kusema sentensi moja kabla ya wino.

Lakini nililelewa vizuri. Mtu hastahili kuaibishwa mbele ya watu kumi na sita kabla hajaambiwa pembeni. Basi Ijumaa, baada ya kushusha watoto, nilikwenda kwenye basi la Duane. Alikuwa anafagia. Faili lilikuwa kwenye kiti cha dereva.

"Duane, nina neno. Kuhusu mkeka wako."

Akaendelea kufagia. "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua siyo mimi niliyeujaza."

Nikakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. "Sasa kwa nini, ewe baba, umekaa wiki mbili unatuhubiria miguu inayokaa chini?"

"Ungefanyaje? Wote walikuwa wananiangalia."

"Ungesema kweli."

"Wewe umesema?"

Alikuwa amenipata.

"Sikiliza," nikaanza upya. "Ule mkeka wako ulionipa Jumatano asubuhi, mimi…"

"Mkeka gani Jumatano? Jumatano nilikupa fomu ya ukaguzi, taa ya nyuma ilikuwa imekufa. Hukuipeleka kwa fundi? Mpaka leo haiwaki."

Nikapapasa mfuko uleule, bado mtupu.

"Mwaka huu sikujaza chochote, Verlene. Nilikaa na karatasi siku nne mezani. Nikaandika jina langu, nikakwama. Nikaitupa."

Yaani, ukiacha ile fomu ya taa, sikuwa nimepoteza kitu. Kwa miaka kumi na tisa sijapoteza karatasi hata moja ya mkeka, kama nilivyokuwa nikijisifu. Nilikuwa nimeghushi mkeka wa mtu ambaye hakuwa hata kwenye mchezo, ili kuficha kosa ambalo sikulifanya. Kama kuna mjinga mwenye cheti zaidi ya huyo, nileteeni tunywe kahawa.

"Lakini faili lako," nikasema. "Somo la Jumanne."

Duane akaegemeza ufagio. Akakaa kiti cha pili. Akatazama dirishani, kule ambako hakuna kitu isipokuwa mabasi mengine.

"Lorna ndiye alikuwa anajaza."

Lorna ni mkewe. Novemba alikwenda Arizona kwa dada yake kwa wiki mbili, na zile wiki mbili bado zinaendelea. Sote tulijua, hakuna aliyeuliza.

"Miaka yote hiyo?"

"Kumi na mmoja. Anakaa jikoni na kalamu, anasikiliza redio, anamenya viazi, anajaza. Mimi nashika faili." Akalipapasa. "Mwaka jana nikasema nami nina akili. Nikabadilisha mechi tatu kimyakimya. Tatu tu. Nikaanguka, Tawnya akanitupa ya Tisa. Njia ya Tisa unarudi saa nne kasoro. Lorna alikuwa ananingojea tule asubuhi pamoja tangu tuoane. Akangoja Agosti, akangoja Septemba. Oktoba akaanza kula peke yake. Nikamwambia wewe unalalamika nini, ni chakula tu."

"Uliongea hivyo?"

"Niliongea hivyo."

"Duane, wewe ni gunia."

"Najua, dada."

Sasa nikaelewa kwa nini mkeka wangu ulichanika vipande. Nilikuwa nimefuata akili zilezile zilizobadilisha mechi tatu. Ningecheka, ila sura yake ilinizuia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu dogo la mtu anayeogopa kulionyesha.

"Ila ameanza kulainika," akasema.

"Nani?"

"Lorna. Nilipouona ule mkeka ukutani nilikaribia kuanguka. Herufi kubwa kubwa. Akiwa na hasira huwa anaandika hivyo, hata orodha ya sokoni. Na nani mwingine duniani angewapeleka Nyegere mpaka mwisho? Ni yeye. Amenijazia, akakutumia wewe kwa posta uutie koponi. Mlikuwa mnashona pamoja kanisani, angemtumia nani mwingine? Si ndiyo?"

Hapa, wapendwa, ndipo penye ungamo lenyewe la wiki hii. Yote niliyowaambia juu yalikuwa kusafisha koo.

Nilisema, "Mm."

Siyo ndiyo. Siyo hapana. Lakini mimi si mtoto, najua "mm" inabeba nini.

"Nilijua," akasema, akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la ufagio, akawa na mistari kama pundamilia. "Ndiyo maana nataka ya Tatu. Inaisha saa mbili kasoro. Nitafika nyumbani chai ikiwa moto. Nimempigia jana. Hakushika, nikaacha ujumbe. Nimesema, asante kwa mkeka, nimeelewa, njoo tule asubuhi."

"Duane, umempigia simu?"

"Mara ya kwanza tangu Krismasi."

Nilishuka kwenye lile basi nikiwa na dhambi nyingi kuliko nilizopanda nazo.

*

Jumatatu, siku ya fainali. Nyegere na Farasi, jioni ile. Mimi nilikuwa nimelala kwa saa mbili tu, na usiku uliobaki nilikuwa napima: upande huu Josie na mkoba wake, upande ule Duane na mistari yake. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeshapata jibu. Mtu hawezi kumwacha mwenzake amngoje mwanamke kwa sababu ya barua ambayo haikutumwa. Nilijiambia ni kwa faida yake. Mnaona jinsi nilivyo mwema? Na ilitokea tu kwamba faida yake na Njia ya Tatu vilikuwa mfuko mmoja.

Saa nne. Kahawa. Duane amevaa tai, ya kwanza tangu harusi ya binti wa Ott.

"Haya," akasema Bwana Ott, kalamu ya wino mkononi. "Kessinger, taja."

"Njia ya Tatu."

Watu kadhaa wakanitazama. Wanajua habari za Josie, maana nimewachosha nazo. Tawnya akatazama chini. Lakini desturi ni desturi, na mtunza desturi nilikuwa mimi.

"Kuna mwenye pingamizi juu ya mkeka wowote?"

Nikainua mkono.

Ott akashangaa. "Verlene?"

Na mlango ukafunguliwa, ukaingiza baridi na mwanamke aliyevaa koti jepesi la nchi ya joto, uso umevimba kwa safari.

Lorna Kessinger.

Duane alikwenda kama mtu anayetembea juu ya barafu, akafika, akasimama, hajui mikono aiweke wapi. Lorna ndiye aliyemkumbatia, kidogo, kwa mkono mmoja, jinsi unavyojaribu maji ya kuoga. Chumba kikapiga makofi. Tawnya akalia. Hata Ott aliweka kalamu chini.

"Siku tatu barabarani," akasema Lorna. "Nipeni kahawa kabla sijaanguka."

Kahawa ilikuwa nyuma yangu. Akaja. Nikammiminia, yeye akageukia ukuta, akatafuta jina la mumewe, akausoma mkeka mpaka mwisho huku akipuliza kikombe.

"Nyegere," akanong'ona. "Verlene, shoga yangu, mimi nisingewaweka Nyegere hata kwa kushikiwa bunduki."

"Lorna, nisamehe. Nilikuwa namwambia sasa hivi. Mkono wangu ulikuwa juu."

"Niliuona." Akanywa. "Nilikuja kumwambia usoni kwamba sikutuma kitu, asinipigie tena. Nimejifunza maneno yangu tangu Oklahoma. Halafu nimeingia, nimemwona amevaa tai."

"Tai imepinda."

"Imepinda sana. Nani mwingine angeivaa hivyo." Akatazama ndani ya kikombe. "Arizona kuna joto, na dada yangu anapika bila chumvi. Nilikuwa nataka kurudi tangu Januari, ila sikutaka kuwa mimi niliyeomba. Sasa kumbe nilishatuma mkeka."

Nikaanza kuona anakokwenda, na miguu ikaniisha nguvu. Kwa habari yenu, haikukaa chini.

"Ukinyamaza," akasema Lorna kwa sauti ya chini zaidi, "mkeka ni wangu, nami nabaki, na anafika nyumbani saa mbili. Ukisema, itabidi niseme kweli mbele ya watu hawa wote, na kweli yangu ni kwamba sikumsamehe. Nitaondoka kabla ya saa sita. Nafsi yangu naijua."

"Josie anaanza darasa la kwanza," nikasema. "Agosti. Njia ya Tatu."

Lorna alimshonea Josie blanketi alipozaliwa. Uso ukamgeuka.

"Sikujua," akasema. "Oh, Verlene. Hilo sikulijua." Lakini hakusema kwamba amebadili neno.

"Haya, jamani," Ott akaita, akagonga meza, akachukua kalamu. "Mapenzi baadaye. Verlene alikuwa na pingamizi. Mkono wako bado uko juu, mama."

Kweli, ulikuwa bado juu. Ule mwingine ulikuwa umeshika birika. Duane alikuwa amesimama mlangoni na koti la mkewe mikononi, amelikumbatia kifuani vilevile anavyolikumbatia faili, na faili lenyewe lilikuwa sakafuni limefunguka, karatasi za rangi nne zimetawanyika, hakuna anayeziokota.

"Juu ya mkeka wa nani?" akauliza Ott.

Nikashusha mkono. Nikaweka birika chini.

Halafu nikasimama wima, nikasema: "Wa Duane. Niliujaza mimi."